Sura ya Sita: Kichupa Kizito

Uvumi ulianzia mtoni, pale wanawake wanapofulia, na Machteld hakuweza kuutoa kichwani: kwamba Mtakatifu Radelind mwaka huu anachukua watoto ambao mama zao wana kosa walilolificha. Ulisemwa Jumatatu, mtu akikamua shuka. Kufikia Jumatano mji mzima wa Wendebeke ulikuwa unausema kama unavyosema bei ya samaki. Watoto wawili walikuwa wamekufa tangu Pentekoste. Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu ya mtakatifu mwenyewe, akafa wa tatu.

Machteld alikuwa mkunga wa kiapo. Alikuwa ameweka mkono juu ya Injili mbele ya madiwani akaapa kwamba mtoto yeyote akifa ndani ya kuta za mji, atautazama mwili na atasema alichokiona, hata kama hakimpendezi mtu. Lakini na yeye alikuwa na wa kwake nyumbani. Liske, miaka sita, alikuwa anashika tumbo siku ya nane sasa.

"Nenda, mwanangu, nenda," mama mkwe wake Avezoete alimsukuma mlangoni. "Mimi nipo. Kengele ya asubuhi kijiko kimoja cha maji ya mtakatifu, ya mchana kimoja, ya jioni kimoja. Umesahau kichupa chetu ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote siku ile? Bruda Wouter alisema mbele ya watu."

Machteld hakusahau jinsi mtawa yule alivyokipima kwenye mizani ya kaburi la Radelind. Alijivuna nacho wiki nzima.

Yule wa tatu, Pierkin, mtoto wa Ermgard, mke wa tajiri wa vitambaa, alikuwa amelazwa juu ya meza kubwa ya kukatia nguo. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alikuwa amesimama kichwani pake, macho makavu.

"Usiniambie pole," Ermgard alisema. "Wamekuja kumi na wawili na pole zao, na kila mmoja ananitazama usoni anatafuta kosa langu liko wapi."

"Mimi natafuta kinywani mwa mtoto, si usoni mwako. Niruhusu."

Machteld aliinua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba. Kwenye ufizi, pale meno yanapotokea, kulikuwa na mstari mwembamba, bluu inayoelekea kuwa nyeusi, kama mtu ameuchora kwa kalamu ya manyoya. Akaangalia ufizi wa chini. Upo. Kwa mtoto wa mwokaji mikate, wa kwanza kufa, aliuona mstari kama huo akadhani ni matunda ya msituni. Kwa mtoto wa karani wa mahakama hakuangalia kabisa, na sasa jambo hilo lilimchoma.

Akauliza maswali yake matatu, yale yale anayouliza kila nyumba. "Alikula nini?"

"Tulichokula sote."

"Alikunywa nini?"

"Maziwa. Na maji ya mtakatifu. Aliyapenda mno, alikuwa anayaomba mwenyewe kwa vile ni matamu."

"Nani mwingine aliyanywa?"

"Hakuna. Yalikuwa yake." Ermgard alikifuta kichupa kwa aproni yake kabla ya kukitoa, kichupa cha bati chenye sura ya Radelind ubavuni. "Kiliongeza uzito, Machteld. Niliona kwa macho yangu mizani ikishuka. Sasa wewe uliyeapa, niambie. Kama alinikubali, mbona amemchukua?"

Machteld alinyoosha mkono. Akaomba kichupa. Ermgard alikishika muda, kisha akakiachia.

*

Kule mtoni wanawake walikuwa na mtu wao wa kulaumu tayari. Kila kichupa kinachokwenda kulala juu ya kaburi hutiwa vumbi kidogo la mtakatifu, na ilisemekana vumbi la kweli liliisha zamani, na kwamba Ghillis Mwenye Meno ndiye anayeleta lingine. Machteld akamkuta kwenye lango la mahujaji, sinia lake shingoni, limejaa meno, kucha na vipande vya nguo.

"Bi mkunga! Nina jino la Mtakatifu Apolonia. La mbele kabisa."

"Jana nilimwona muuzaji wa tano, naye ana la mbele. Huyo Apolonia alikuwa na meno mangapi?"

"Alikuwa mtakatifu, dada. Yaliota tena."

"Ghillis. Vumbi unalompa Bruda Wouter ni mifupa ya nani?"

"Ya mtakatifu."

"Watoto watatu wamekufa."

Ghillis akaangalia kushoto na kulia, akashusha sauti. "Ya nguruwe. Lakini safi! Naichoma mwenyewe, nasaga mwenyewe." Akachota unga wa kijivu kwenye mfuko wake, akaulamba mbele yake. "Nguruwe analisha nusu ya mji huu. Lini kaua mtu?"

"Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua."

Akafungua. Fizi zake zilikuwa nyekundu kama nyama buchani. Machteld alikasirika, maana alitaka awe yeye. Ingekuwa rahisi. Kila mtu mjini alikuwa tayari kumtupa mtoni.

"Na tena unaniuliza mimi bure," Ghillis alisema akijifuta ulimi. "Mwaka jana Bruda alichukua mifuko mitatu. Tangu Pasaka hataki zaidi ya konzi moja, ya kutia rangi tu. Anasema kapata kitu bora. Kizito zaidi. Mimi na wanangu tule hewa?"

Machteld alishakwenda hatua tano kabla neno hilo halijamfikia vizuri. Kizito zaidi.

*

Kwa hiyo akaanza upya, safari hii kutoka upande mwingine. Wafiwa wote alikwisha kuwauliza. Sasa akawatafuta waliokunywa na hawakufa.

Kateline, mke wa mtengeneza ngozi, aliishi chini ya daraja kwenye harufu ya ngozi mbichi, na watoto watano. Wote watano walikuwa wanakimbizana na bata.

"Hawa wamekunywa maji ya mtakatifu?"

Kateline akageuka akaendelea kukwangua ngozi. "Umetumwa kunicheka na wewe?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Wamekunywa. Wote, kwa kichupa kimoja. Kichupa chenyewe kilikataliwa, kama hujasikia." Alikuwa anakwangua kwa nguvu. "Nilifanya kila kitu. Maji ya chemchemi, matone saba ya siki kama Bwana alivyopewa msalabani, nikakipeleka, kikapimwa, kikapigwa lakiri, kikalala kaburini. Asubuhi kikapimwa tena, mizani haikutikisika. Watu wakasogea pembeni kana kwamba nina ukoma. Tangu siku hiyo kule kufulia wananiachia jiwe la mwisho, lenye utelezi."

"Maji yana ladha gani?"

"Ladha gani? Siki! Watoto walikunja sura kama mabibi vikongwe. Kwa waliokubaliwa ndiyo inageuka tamu, si ndiyo muujiza? Sisi ikabaki kali."

Machteld alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa Ermgard, kizito na kitamu, mtoto amekufa. Kwa mwokaji mikate vivyo hivyo. Kwa karani, mama alimwambia kwa kujisifu hata kabla ya mazishi. Na hapa, kwenye uvundo, kichupa chepesi na kikali, watoto watano wanafukuza bata.

"Bruda Wouter alikuuliza nini ulipompa kichupa?"

"Anavyouliza wote. Wewe ni mke wa nani?"

"Nipe kilichobaki."

"Chukua. Hakina baraka yoyote."

Machteld alisimama akakitia kichupa mfukoni. Kichupa chake mwenyewe kilikuwa kizito kuliko vyote. Mke wa diwani alimkumbatia siku ile. Nyumbani kilikuwa juu ya rafu, karibu na kitanda cha Liske, na kengele ya mchana haikuwa mbali.

*

Angepaswa kukimbia moja kwa moja. Lakini njia ya kwao inapita mlangoni kwa Bertelmeus mchoraji, na Avezoete si mtu wa kumnyang'anya kijiko cha mtakatifu kwa kumwambia nimekaa juu ya ndoo nikafikiri. Alihitaji kitu cha kumwonyesha.

Bertelmeus alimpokea kwa mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia kilikuwa kinaning'inia kwenye kifundo kama glavu tupu. Amekuwa hivyo miaka miwili sasa.

"Mchoraji, haraka. Nichemshie hivi viwili, uniambie kinabaki nini."

Akamimina kichupa kimoja kwenye ganda la chaza na kingine kwenye ganda la pili, akaviweka juu ya makaa. Cha Kateline kilikauka kikaacha doa la majivu. Cha Ermgard kiliacha ukoko mweupe, mzito, unaong'aa kidogo pembeni. Machteld akanyoosha kidole.

"Usilambe!" Bertelmeus alimpiga mkono. "Vijana wangu wapya wote hulamba, nawachapa. Unajua hii? Unachukua risasi, ile ile wanayoezekea mnara wa kanisa, unaining'iniza juu ya siki ndani ya chungu, unafukia chungu kwenye samadi ya farasi. Baada ya mwezi imeota unga mweupe. Kila uso wa Bikira Maria niliowahi kuchora ni unga huu. Hakuna unga mzito kama huu. Na ukikutana na siki unakuwa mtamu. Mtamu kuliko asali."

"Na mtu akinywa?"

Mzee alimsogelea. Alivuta mdomo wake chini kwa mkono ule mzima. Mstari wa bluu ulipita kwenye ufizi wote.

"Mimi nimeuvuta puani na kuula na mkate miaka arobaini, kidogo kidogo. Tumbo kwanza, linakusokota, haja haitoki. Halafu mikono. Mtoto, kwa kijiko..." Akamtazama Machteld. "Nani anampa mtoto?"

"Wewe unamuuzia nani?"

"Simuuzii mtu. Nampa Bruda Wouter chungu kimoja kila mwezi, sadaka. Wa kupaka ngazi za kaburi ziwe nyeupe kwa ajili ya sikukuu."

Kengele ya mchana ikaanza kupiga.

"Mtu hupona?" Machteld alikuwa tayari mlangoni, ganda lenye ukoko amelifunga kwenye aproni.

"Wengine. Mpe maziwa, mpe siagi, na asiguse tena. Wengine!" alimpigia kelele mgongoni.

*

Mtaa ulikuwa umejaa mahujaji na punda wao. Alipita katikati yao akisukuma watu, mtu akamtukana kwa Kifaransa, kitambaa chake cha kichwa kikaanguka hakukiokota. Alipofungua mlango Avezoete alikuwa ameinama kitandani, kijiko kimejaa, na Liske amefungua mdomo kama kifaranga.

Machteld alikipiga kile kijiko. Kikaenda hadi ukutani.

"Umemwaga mtakatifu!" Avezoete alipiga yowe. "Una wazimu?"

"Amekunywa vingapi leo?"

"Uliona mwenyewe asubuhi..."

"Mama. Vingapi?"

"Kimoja. Halafu alilia, nikamwongezea." Sauti ya bibi ikapungua. "Na kingine kidogo. Anakipenda. Ndicho kitu pekee anachokubali kumeza."

Machteld aliinua mdomo wa mwanawe. Dirisha lilikuwa dogo, akambeba mpaka penye mwanga. Mstari ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba kuliko wa Pierkin, umefifia, lakini ulikuwepo.

Akamweleza mama mkwe wake kila kitu, akiwa amesimama, kwa maneno machache. Akampa ganda la chaza. Avezoete alilishika kwa viganja viwili kama anapokea ekaristi.

"Nilikuwa namponya," alisema.

"Najua, mama."

"Siku nane nimemwamsha usingizini nimpe. Mkono wangu mimi."

"Na mimi ndiye niliyekileta ndani ya nyumba, nikakionyesha majirani. Kachukue maziwa kwa jirani. Siagi pia. Haraka."

"Mama," Liske alisema, "umemwaga tamu yangu."

*

Ngazi za kaburi la Radelind ziko saba. Machteld alizipanda polepole akiangalia chini. Zilikuwa za kijivu, na ya tatu ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwenye pembe. Hakuna brashi iliyogusa jiwe lile tangu mwaka jana.

Foleni ya wanawake wenye vichupa ilikuwa inatoka nje hadi uani. Bruda Wouter alikuwa kwenye mizani, mtu mnene mwenye uso wa kupendeka, siku hizi amekonda mashavu.

"Bi Machteld! Mtoto anaendeleaje?"

"Ngazi zako zitapakwa lini, Bruda?"

"Ngazi?"

"Bertelmeus anakupa chungu kizima kila mwezi. Nimezihesabu zote saba, sijaona nyeupe hata moja."

Tabasamu lake halikuondoka mara moja. Ndipo Machteld alipoyaona meno yake, na juu ya meno, mstari.

"Na wewe unakunywa!"

"Kila asubuhi naonja, nijue kama imetosha." Alimvuta nyuma ya nguzo. "Hujui ilivyokuwa. Mtu katembea siku kumi na miguu imepasuka, kichupa hakiongezi hata punje. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama mbele ya uso ule, Machteld. Kila asubuhi. Usiku nikavunja lakiri, nikaweka kidogo tu, kwa mmoja. Ungeona alivyofurahi! Na wewe ulilia kwa furaha, umesahau?"

"Sijasahau. Kateline mbona hukumwekea?"

Bruda Wouter akageuka kuitazama foleni.

"Bruda. Nakuuliza."

"Kama kila kichupa kingekuwa kizito," alisema hatimaye, "nani angeiamini mizani?"

Machteld alitamani kumpiga. Badala yake akamwambia yale aliyoyaona: Pierkin, mtoto wa mwokaji, mtoto wa karani, mkono wa Bertelmeus. Aliyasema kwa utaratibu, kama mbele ya madiwani. Kwenye jina la tatu Bruda Wouter alishika tumbo lake, si kwa kuigiza.

"Natapika tangu Pasaka," alisema. "Nilidhani ni mfungo wa Kwaresima umenidhoofisha."

"Nipe lakiri. Na ufunguo wa kaburi."

Akampa. Kisha akakaa kwenye ngazi ya tatu, juu ya ule ukungu. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika kwamba mkunga anachelewesha watu.

Madiwani walimsikiliza kwa heshima zote, wakalipitisha ganda la chaza mkono kwa mkono. Wakasema ni jambo kubwa, wataliangalia baada ya sikukuu, mahujaji wakisharudi makwao.

"Na vichupa vyao mikononi," alisema Machteld.

Baada ya sikukuu, walirudia.

Akatoka hapo akaenda kwa Pauwels, mpiga mbiu wa mji, ambaye mapacha wake wawili walizaliwa mikononi mwa Machteld, mmoja akiwa ametanguliza miguu. Pauwels alikuna kichwa, akasema kazi hii ataipoteza, akachukua kengele yake. Machteld alirudi nyumbani, akakaa kitandani, mkono juu ya tumbo la Liske lililokuwa bado gumu kama ubao. Mtoto alikuwa amemeza maziwa nusu kikombe akayatapika, na sasa alikuwa anajaribu tena, bibi yake akimshikia kikombe kwa mikono miwili. Dirisha lilikuwa wazi. Kutoka sokoni sauti ya Pauwels ilifika vizuri, neno kwa neno, jinsi alivyoagizwa:

Mama wa Wendebeke, na mama mliotoka mbali.

Msimpe mtoto maji ya kichupa kilichoongeza uzito.

Msimpe kilichokuwa kikali kikageuka kitamu.

Msilambe unga mweupe, wala msiulete nyumbani, uwe wa mchoraji au wa kanisa.

Msimwongezee mtoto dawa kwa sababu anaililia.

Msingoje sikukuu iishe.

Msizike mtoto kabla hamjamwangalia kinywani.

Msimwachie Kateline jiwe la mwisho mtoni.

Na msimwambie mama aliyefiwa kwamba imani yake ilikuwa nyepesi.